Ajenda ya Nne

Mimi ndiye nilikuwa katibu. Nilikaa benchi la nyuma,
daftari gotini, kalamu imegoma kwa baridi,
na ukungu wa Kidabaga unaingia ofisi ya usharika
bila hodi, kama mtu wa nyumbani.

Ajenda ya kwanza, mabati. Ya pili, mnada wa mavuno.
Ya tatu, kwaya na ugomvi wa sare.
Ya nne: Vaileti Kikoti, mjane,
aeleze kwa nini bado anagema ulanzi.

Aliingia na matope hadi magotini.
"Kamwene," akasema. Wazee wakaitikia nusu.
Mwinjilisti Kihwele akasoma Neno,
kidole chini ya kila herufi,
akafunga Kitabu, akauliza: "Unakiri?"

"Nikiri nini? Kwanza tuelewane saa.
Alfajiri nachonga chipukizi, nafunga mbeta,
mwanzi unalia wenyewe, tone kwa tone.
Saa moja ni mtogwa, hata mtoto anakunywa.
Nawe, Mwinjilisti, ulikunywa Jumanne
ukienda kubatiza; ukafuta ndevu, ukanibariki.
Jioni ni mkangafu, unapiga kichwa.
Hapo katikati sikutia hamira,
sikutia sukari, sikutia hata neno.
Ni hewa tu, na jua likijaliwa.
Basi niambieni mliosoma:
dhambi iliingia saa ngapi?
Ilipita mlango gani, mimi nikiwa napalilia?"

Mzee Mgongolwa alikohoa. Nadhani alicheka.
Sikuandika kikohozi.

"Haiingii kwenye mbeta," akajibu Kihwele.
"Mwanzi hauna roho ya kupotea.
Dhambi ni kuijua ile saa
na kuuza hata hivyo."

"Na zaka yangu? Mliipokea mkiijua saa.
Mabati ya ajenda ya kwanza, yale ya zamani,
mvua ikinyesha yananukia ulanzi."

Kimya. Kisha, bila kupandisha sauti:
"Na Yohani?"

Sote tulilijua lile korongo.
Tulijua usiku gani, na njia ipi iliyoteleza,
na kikombe cha mwisho alijaziwa na nani.
Hakuna aliyewahi kulisema chini ya paa.

Vaileti akaitazama mikono yake,
yenye makovu ya kisu cha kugemea,
kama mtu aliyepewa barua ya jirani aisome.

"Yohani nilimzika mimi. Ninyi mliimba.
Kila alfajiri nikishika kisu naulizwa,
na anayeniuliza hana kiti katika baraza hili.
Sijamjibu.
Huenda nagema ili asiache kuniuliza;
nikiacha, nani atakuja kwangu asubuhi?
Mnasema nitubu. Nimetubu mpaka magoti yana sugu,
kisha nimeshuka bondeni na mbeta begani.
Kama imani ni kuacha, sina.
Kama ni kurudi pale pale nikaulizwe tena,
niandikeni."

Kihwele alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la koti,
akaipangusa tena ilipokwisha kutakata.
"Sijui," akasema.
Miaka ishirini na sita ya mahubiri,
sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.
"Sijui, Vaileti. Lakini korongo nalijua.
Siwezi kulifukia kwa sijui yangu."

Nilingoja mmoja wao akosee.

Ndipo mvua ikashuka, ile ya Machi isiyo na adabu,
mabati yakapiga kelele, kila mtu akawa bubu.
Mgongolwa akafunga kwa sala; tuliona midomo tu,
tukakisia amina.
Vaileti alitoka na mwavuli wa Mwinjilisti.
Kama alipewa au alijichukulia, sikuona.

Nikaandika: Ajenda ya nne. Mjadala ulikuwa mrefu.
Nikafuta "mrefu."
Nikaandika: Imeazimiwa,
nikaweka nukta mbili, nikasubiri.

Daftari liko kabatini hadi leo.
Nafasi ile ipo, upana wa vidole vitatu,
kati ya nukta mbili
na Mengineyo.